Mzunguko wa Ukindu na Mtani Wangu Kalunde

Jumamosi, tarehe 12 Aprili. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika saa moja, na sasa ni manyunyu tu, yale ya kuudhi, hayajazi ndoo wala hayakuruhusu kuanika.

Naandika asubuhi, nimekaa sebuleni kwa mwanangu hapa Chamazi, kwa sababu saa saba natakiwa niwe Mbagala kwenye msiba wa Kalunde. Tulimzika juzi. Leo wanaanua matanga, na mie ndiye mtani. Kwa asiyejua mambo yetu, sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, tunatukanana na hakuna ruhusa ya kukasirika, na mmoja akifa, mtani wake huja kufanya vituko msibani. Huvaa nguo za marehemu, huigiza alivyokuwa akisema na akitembea, mpaka watu waliolia siku tatu wacheke. Wakishacheka, msiba umekwisha. Jana Tatu, binti yake Kalunde, alinipigia simu. "Shikamoo mama mdogo. Kesho usituangushe. Dera lake la maua nimeshalifua. Uje umwigize anavyochechemea, na ile habari ya shimo uisimulie mwenyewe. Hakuna mwingine anayeiweza." Nikamwambia nitakuja. Kalunde alichechemea karibu miaka ishirini na nane, na aliyemchechemesha ni mie. Watu wote wa mtaa ule wanalijua hilo, lakini wanalijua kama utani. Toka jana najiuliza jambo moja tu: leo, nikishavaa dera lile, nitakuwa na ulimi wa kusema kwamba haukuwa utani?

Nimesoma mpaka darasa la saba, na daftari hili naandika kwa mazoea tu, siku nyingine bei ya nyanya, siku nyingine nani kaumwa. Sijawahi kuandika jambo la zamani. Naogopa nitajipendelea. Kwa hiyo nitajitahidi kila nikijisemea neno zuri niliandike na baya lake pembeni.

Ulikuwa ni ule mwaka uliokwisha kwa mvua ya elinino. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Mbagala kwa shangazi yangu Bi Siwema, kwenye nyumba ya vyumba sita ambayo kuta zake hazikufika kwenye paa. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwambia pole. Uani kulikuwa na mafiga matatu ambayo hayakupoa, maana ndipo tulipochemshia ukindu kwenye rangi: nyekundu, zambarau, kijani. Mikono yetu ilikuwa na rangi mpaka kwenye viwiko, na hata wali ulikuwa na kaharufu ka majani yaliyochemka. Bi Siwema alikuwa mkuu wa wanawake sita waliokata ukindu bondeni na kusuka mikeka. Kalunde alikuja mwezi wa pili, kapanga chumba kilichopakana na chetu, na siku ile ile ya kwanza alisimama mlangoni kwetu na ndoo kichwani akauliza, "Hapa ndipo kwa wale Wazaramo waliouza bati za nyumba wakacheza ngoma?" Bi Siwema akacheka mpaka akakaa chini. Mie nikamjibu, "Ingia, mbeba mizigo. Tulikuwa tunakungoja, kuna kabati la kuhamisha." Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Nieleze kazi ilivyokuwa, kwa sababu bila hiyo jambo lenyewe halieleweki. Kila Jumatano tulikuwa tunazunguka bonde la Kizinga. Tunashuka kutoka Mbagala kungali na ukungu, tunapita bustani za mchicha, tunafuata maji kwenda juu, huku kushoto kwetu matete na kulia mashimo ya wafinyanzi wa zamani, tunakata ukindu njiani. Mkindu unapenda kusimama na miguu majini, kwa hiyo na sie tulisimama majini. Tukifika juu kabisa, mahali mto unapochanganyika na tope usijue upi ni mto na lipi ni tope, tunavuka, kisha tunateremka upande wa Buza na mizigo kichwani, tunavuka tena darajani na kupanda nyumbani. Tukirudi jua limeshalala upande wa Yombo. Kwa nini tusirudi njia ile ile tuliyojia, ambayo ni fupi? Wengi wanauliza. Ni kwa sababu tope la kule likikanyagwa na watu sita linageuka uji. Linakubali kukubeba mara moja, tena mzigo ukiwa bado mwepesi. Ukirudi na mzigo kamili, linakumeza hadi kiunoni. Ukishaanza mzunguko lazima uumalize, uwe mzima, uwe mgonjwa.

Mbele alitangulia mshika fimbo. Huyo ndiye anapima tope, anachoma fimbo, anasikiliza inavyoingia, anapiga hatua, na sie wengine tunakanyaga palepale alipokanyaga. Miaka yote alikuwa Bi Siwema mwenyewe. Na alikuwa na amri moja, alikuwa akiisema kila Jumatano tukifika kwenye matete: "Utani mwisho hapa. Kwenye tope, mtu akikuuliza pakoje, jibu ni mawili tu. Panapitika. Hapapitiki."

Ukishamaliza matete ukatokea nchi kavu, basi, utani unarudi wote kwa pamoja. Tulikuwa na mahali petu pa kula, baada ya kuvuka, chini ya mikorosho miwili. Kila mtu anafungua chake, muhogo wa kuchemsha, chachandu kwenye kopo, maandazi ya jana. Kalunde alikuwa na ulimi. Lazima niseme haki, alinichoma kuliko nilivyomchoma. Mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa na fundi seremala wa Mtoni, na posa ikarudishwa, sababu sijaambiwa mpaka leo. Kalunde alisimama pale chini ya mkorosho, kajifunga kanga kifuani, akatembea kwa maringo akisema kwa sauti ya mama yake yule bwana: "Sie tulitaka mke, tumeletewa mzizi wa mkindu. Mweusi, mgumu, na ukimchemsha hatoi rangi." Wanawake walimwaga chai. Na mie nilicheka, maana ndiyo desturi, asiyecheka kashindwa. Lakini nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha kabati la shangazi kwa muda mrefu. Sasa niandike na la upande wa pili: Jumatano iliyofuata nilikuwa nimejiandaa, nikamwambia mbele ya wote kwamba yeye mume wake alikwenda kununua sigara Tabora na bado anatafuta kiberiti. Na yeye akacheka. Kama alijitazama kwenye kioo, sikumwona.

Tena alikuwa na kipaji cha kuigiza. Mwezi wa sita hivi, tuko upande wa Buza, pakavu kabisa, tukasikia nyuma, "Yalaa! Nazama! Nazama jamani!" Tukatupa mizigo tukakimbia wote, shangazi na magoti yake mabovu naye anakimbia. Tukamkuta Kalunde amekaa ndani ya shimo la magoti tu, kajipaka tope usoni, anatutazama. "Kumbe Wazaramo mnaweza kukimbia," akasema, "na hakuna hata ngoma inayolia." Alirudia mchezo ule mara mbili nyingine. Mara ya tatu hakuna aliyetupa mzigo.

Shangazi alianza kuumwa magoti vibaya mwezi wa nane. Tulijua wote kwamba karibu atampa mtu fimbo, na mie nilijua zaidi kwamba mtu huyo ni mie. Nilizunguka bonde lile tangu nina miaka tisa. Nilijua kila kisiki. Basi jioni moja, tumemaliza kuswali magharibi, niko kitandani nachambua ukindu, nikasikia chumba cha pili shangazi anaongea na jirani mmoja aliyekuja kuazima pasi. Jirani akamuuliza, "Sasa fimbo unampa Zuhura?"  Nilisikia shangazi anakuna goti. Halafu akasema, "Zuhura ana macho, lakini hana subira na watu. Mtu wa mbele anatakiwa awaonee huruma wa nyuma. Nampa yule Mnyamwezi." Jirani akasema, "Mgeni wa miezi sita?" Shangazi akasema, "Tope halijui mgeni." Kisha wakaongea habari za pasi.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningeingia chumba kile nikalia mbele ya shangazi, mambo yangekuwaje. Sikuingia. Niliendelea kuchambua ukindu mpaka nikakata kidole. Jumatano ile Kalunde alipewa fimbo uani, mbele ya mafiga, na akaniambia, "Mzaramo, leo utakanyaga nyayo zangu. Nyoosha mguu vizuri." Ni utani. Mie mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Nikamwambia, "Twende, punda."

Aliongoza vizuri. Hili nalo sina budi kuliandika, maana kwa miaka nilikuwa nikijiambia kwamba alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Alipima mara mbili pale shangazi alipopima mara moja, na akiona kina mama wa nyuma wamechoka, anasimama anajifanya kupima ili wapumue.

Mwezi wa kumi, siku ya Ijumaa, nilikwenda bondeni peke yangu kutafuta kisu nilichosahau. Kule juu, mahali petu pa kuvuka, nikakuta vijana wa kuuza mchanga wamechimba shimo. Lilikuwa refu kuliko mtu. Walikuwa wametandika magogo kuzunguka kingo ili wasiporomoke, na mengine yameangukia ndani. Waliniamkia, nikawaitikia, nikachukua kisu changu, nikarudi. Jumamosi mvua ikaanza, ile mvua yenyewe ambayo baadaye watu waliipa jina. Ikanyesha siku tatu. Nilikuwa na Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Tulikula pamoja uani siku zote hizo nne, siku moja tulikula bada la muhogo na samaki wa kukaanga, Kalunde akanimegea kichwa cha samaki kwa sababu anajua napenda kichwa. Sikusema habari ya shimo. Wakati ule nilijiambia nimesahau. Nimeandika neno hilo, nimesahau, na nimelitazama hapa kwenye daftari kwa dakika nzima. Hapana. Nilikuwa nakumbuka hata rangi ya fulana ya kijana mmoja wa mchanga.

Jumatano tukafika juu. Maji yalikuwa yamejaa, na gugu la maji lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, kijani kibichi, zuri kama zulia la msikitini. Shangazi alikuwa nyuma kabisa, mbali, magoti yanamsumbua. Mie nilikuwa wa pili, nyuma ya Kalunde. Akachoma fimbo, ikagota. Iligota kwenye gogo, lakini yeye angejuaje? Alisikia kigumu. Akachoma tena, ikagota tena. Bado hakuridhika. Nilimwona anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukutani. Kisha akageuka akanitazama.

"Zuhura," akasema. Hakusema Mzaramo, alisema Zuhura. "Hapa pakoje? Pamebadilika au macho yangu?"

Majibu yalikuwa mawili.

Nikasema, "Si uiulize fimbo yako? Au nayo imechoka kubebwa na Mnyamwezi?"

Wale watatu wa nyuma yangu wakaangua kicheko, maana walikuwa wamechoka na wamelowa na walitaka kitu cha kucheka. Kalunde aliendelea kunitazama kidogo. Halafu naye akacheka, akatikisa kichwa, akapiga hatua.

Gugu lilifunguka na kujifunga, kimya, kama pazia. Mzigo wake wa ukindu ukabaki unaelea. Akatokeza kichwa, akashika ukingo, akapiga kelele, "Mguu! Zuhura, mguu wangu!" Na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Ameanza sinema yake." Kwa haki, hilo la kwanza sikulisema mie. Lakini waliponitazama, kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa karibu naye, nikasema, "Mwacheni, anaigiza. Akichoka atatoka." Tukatua mizigo kwenye kichuguu. Tukakaa. Yeye analia, sie tunamshangilia. Mmoja akamwambia, "Leo umezidisha, dada, mpaka makamasi!" Nimejaribu mara nyingi kupima ilikuwa ni muda gani. Sikuwa na saa. Ninachokijua ni kwamba nilifungua kitambaa changu, nikatoa kipande cha muhogo, na nikakila chote.

Shangazi alifika taratibu na mkongojo wake. Alimtazama Kalunde, akatutazama sie. "Mnakula?" akasema. Neno hilo tu. Hakupaza sauti. 

Tulipomtoa, mguu wa kulia chini ya goti ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Ulikuwa umebanwa kati ya magogo mawili, na alipojivuta ndipo ulipovunjika vizuri, yaani laiti tungemfikia mapema asijivute, nafikiri ungekuwa umeteguka tu. Nafikiri. Mie si daktari. Kurudi njia fupi hakukuwezekana, imeshakuwa uji. Ilibidi tumalize mzunguko. Tulifunga matita ya ukindu kwenye fimbo mbili tukatengeneza machela, tukambeba nusu nzima ya bonde, upande wote wa Buza, mvua inanyesha. Nilipewa upande wa miguu. Kila hatua niliyopiga nilikuwa nautazama ule mguu, na kila nilipoteleza nilisikia meno yake. Hakupiga kelele tena. Tulipokaribia daraja, watu wa bustani wakasimama kututazama, wakauliza kuna nini. Na Kalunde akajinyanyua kwa kiwiko, uso wa kijivu, akawaambia, "Andikeni jamani, leo Mzaramo amembeba Mnyamwezi. Dunia imekwisha." Watu wa bustani wakacheka. Wale wenzangu wakacheka kwa furaha ya kuona bado yu hai. Ilikuwa ni utani tayari, alishaufanya utani yeye mwenyewe, kabla hatujafika nyumbani. Nilicheka na mie.

Alipelekwa kwa fundi wa mifupa Kongowe, kwa sababu barabara ya hospitali ilikatwa na maji. Akafungwa mianzi, akakaa chumbani kwake miezi mitatu. Ukuta haukufika juu, kwa hiyo nilimsikia. Mchana alikuwa anatania na kila anayekuja kumpa pole. Jioni, akidhani watu wako uani, alikuwa anahesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, mpaka maumivu yapungue. Siku moja alifika mia nne na kumi. Nilikuwa upande wa pili na bakuli la uji wake mkononi, nikangoja amalize ndipo nimpelekee, uji ukawa umepoa. "Uji baridi," akasema. "Mzaramo huyo."

Shangazi aliniuliza mara moja tu. Alinikuta nakoka moto. "Ulijua?" Nikasema, "Sikujua, shangazi." Akanitazama mikono, si uso. Kisha kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayelijua bonde, akanipa fimbo. Niliongoza mizunguko minne. Nilikuwa napima mara tatu tatu. Baada ya hapo elinino ikaja kwa nguvu zake zote, bonde likawa bahari, na tulipolirudia mwaka uliofuata, mikindu mingi ilikuwa imeoza, wanawake wakatawanyika kwenye biashara nyingine. Kwa hiyo nilichokipata ni Jumatano nne.

Nimekuwa karibu na Kalunde maisha yote yaliyobaki. Alipata mume mwingine, akamzaa Tatu, mie nikaolewa Chamazi. Harusini, kwenye maulidi, kwenye vikao vya shughuli, akiniona tu anaanza: "Mmemwona huyu? Huyu ndiye mtani aliyenitia shimoni akakaa akala muhogo!" Ukumbi mzima unacheka. Anasimama, anachechemea mbele yangu, anazidisha. Na mie najibu, "Ulikuwa mtamu muhogo ule." Miaka yote. Sikuwahi kujua kama alikuwa ananisamehe au ananipiga. Mara moja, tuko wawili tu tunachambua mchele kwake, nikasema, "Kalunde, siku ile." Akasema haraka, "Siku ile nini, Mzaramo? Ulishiba?" Na akacheka, na nilijua kwamba mlango umefungwa kwa ndani.

Nakwenda sasa. Manyunyu yamekatika.

*

Jioni. Nimerudi, nimeoga, nimekaa palepale.

Niliwakuta watu wengi, turubai limejaa, kina mama kwenye mikeka ya plastiki. Tatu akanipokea mkoba, akanivalisha dera mwenyewe, akanifunga kilemba kama alivyokuwa anafunga mama yake, upande. Nikatoka uani nikichechemea.  Kisha bibi mmoja akapiga makofi akasema, "Kalunde huyo! Kafufuka!" na kicheko kikaanzia hapo kikasambaa. Mwili wangu uliujua mwendo ule kuliko nilivyodhani. Jinsi alivyokuwa akitupa nyonga kwanza, kisha bega, kisha anaweka mguu chini kama mtu anayejaribu maji ya moto. Nikaenda mpaka mwisho wa turubai nikarudi. Watu walikuwa wanafuta machozi. Mmoja akaita, "Shimo! Tuambie shimo, mtani!"

Nikasimama katikati. Nikasimulia yote, fimbo, gugu, swali aliloniuliza. Nilipofika pale, nikaacha kuigiza. Nikasimama kwa miguu yangu miwili, nikasema, "Nilijua. Nililiona lile shimo kwa macho yangu, siku tano kabla. Nilijua lipo, na nikanyamaza, kwa sababu ya fimbo. Haukuwa utani."

Walicheka kuliko walivyocheka mwanzo. Yule bibi alilala ubavu kwenye mkeka akipiga miguu. "Wazaramo!" mwanamume mmoja akasema kutoka upande wa wanaume, "hata msibani wanakiri, hawana haya!" Nikarudia. "Jamani, nasema kweli." Ikawa vibaya zaidi. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo walivyofurahi, na imamu kijana aliyekuwa amekunja uso tangu mwanzo naye akageukia pembeni mabega yanatikisika. Msiba ukawa umekwisha. Watu wakaanza kusimama, kukunja mikeka, kuulizana nani anaelekea Kongowe.

Nilimfuata Tatu nyuma, anasugua sufuria la pilau kwa mchanga. Nikavua dera nikalikunja nikaliweka juu ya kiti. Nikamwambia, "Tatu, mwanangu. Nilichosema pale sikuwa natania."

"Najua," akasema. Hakuacha kusugua.

"Unajua nini?"

"Mama aliniambia, nikiwa darasa la sita. Alisema fimbo iligota, akakuuliza, akakutazama usoni. Akasema uso wako ulishamjibu kabla ya mdomo."

 Nikasema, "Sasa mbona alikanyaga?"

"Na mie nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema watu walikuwa wameshacheka. Akasema angerudi nyuma pale, angekuwa Mnyamwezi aliyeshindwa utani." Akamwaga maji machafu, akachota mengine. "Mama alikuwa na miaka kumi na tisa. Mie leo nimeshaupita umri ule."

Nikasema, "Na wewe leo, kama ulikuwa unajua, mbona uliniita?"

Ndipo akanitazama. Ana macho ya mama yake, lakini hayana kicheko ndani. "Nilitaka nikuone unachechemea, mama mdogo. Mbele za watu. Mwendo mrefu, uende mpaka mwisho wa turubai na urudi. Basi. Umefanya vizuri, nimeridhika." Akanyoosha mkono. "Nisogezee hilo beseni."

Nikamsogezea beseni. Nikangoja kama atasema jambo jingine. Akalivuta, akaendelea kusugua.

Kwa desturi mtani haondoki msibani mikono mitupu. Anachukua anachokitaka bila kuomba, kuku, mwiko, sahani ya pilau yenye minofu, na wafiwa wanamkimbiza kwa kelele za bandia. Kuku wawili walikuwa wamefungwa pale pale mlangoni, nafikiri waliwekwa kwa ajili yangu. Niliwapita. Hakuna aliyenikimbiza.

Mkwe wangu alinitazama nilipoingia, akasema, "Shikamoo mama. Mtani mzima, umerudi hivi hivi? Mie nilijua tunakula pilau, sikupika mboga." Nikamwambia pilau liliisha. Akachuma matembele nyuma ya nyumba, akayachemsha na nyanya moja, bila nazi kwa sababu haikuwepo, akasonga ugali mdogo. Tumekula wanne. Wameniuliza msiba ulikuwaje, nikasema watu walicheka sana.